Sweta la Fundi Saa

Kwenye rafu ya tatu ya chumba cha kumbukumbu za hospitali palikuwa na mwanya wa upana wa vidole viwili. Vumbi lilikuwa limekatika vizuri pembeni, kama mkate uliopitiwa na kisu. Inspekta aliinama akautazama, miwani ikimteremka puani.

Kufuli halikuvunjwa. Alama za vidole zilikuwa za watu wawili tu, mkuu wa chumba na mama mmoja mpole aliyeitwa Bi. Namba, kwa kuwa kazi yake kwa miaka ishirini na tisa ilikuwa kuupa kila ugonjwa namba yake.

Faili lililoibwa lilikuwa la Fundi Saa, mzee aliyetengeneza saa za watu mpaka akaanza kusahau sura ya binti yake. Kesho yake asubuhi jopo la madaktari lilipaswa kuamua kama ahamishiwe kwenye nyumba ya wasiopona. Akishaingia huko, basi. Hakuna tena vipimo wala dawa. Bila faili, jopo halikai.

"Nani hataki jopo likae?" Inspekta aliuliza.

"Binti yake," mkuu wa chumba akajibu. "Alilia hapa mlangoni, afande, mpaka nikamtafutia kiti."

Inspekta akaenda wodini. Binti alikuwa akimkata baba yake kucha, taratibu, kidole kimoja kimoja. Hakukasirika kuulizwa. Alisema angejua faili linakaa wapi angeliiba zamani, ila juzi, siku lilipopotea, hakutoka wodini. Muuguzi akathibitisha.

"Ukimpata mwizi, afande, nipelekee salamu zangu," binti alisema.

Inspekta alikuwa anaondoka alipomtazama mzee vizuri. Mchana ule jua lilikuwa kali, yeye mwenyewe shati limemganda mgongoni. Mzee alikuwa amevaa sweta zito la kijivu, amefunga vifungo hadi shingoni, ametulia.

"Umemfumia wewe?"

"Mimi? Hata kifungo sijui kushona. Tulilikuta kitandani juzi. Baba analalamika baridi kila siku, tukadhani ni uzee tu."

Juzi. Inspekta akarudi chumba cha kumbukumbu, akamwomba Bi. Namba penseli. Mama alipovuta droo, donge la uzi wa kijivu lilibingirika hadi ukingoni. Inspekta hakuligusa. Alivuta kiti.

"Mama, hebu nieleze kazi yako, kama unamweleza mjukuu."

Akamweleza. Dimensia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ikiletwa na ugonjwa mwingine huandikwa kwa mistari miwili. Mstari wa kwanza ni namba ya ugonjwa ulioileta, wa pili ndio wa dimensia yenyewe. Haitangulii, wala haiachwi peke yake.

"Wodini huwa unafika?"

"Sina kazi wodini."

"Sasa ulijuaje kwamba Fundi Saa anasikia baridi?"

Bi. Namba alilirudisha donge la uzi ndani ya droo.

"Imeandikwa kwenye faili," alisema. "Ukurasa wa mwisho."

Miezi saba nyuma, daktari aliandika dimensia, chanzo kisubiri majibu ya damu. Siku hiyo mafaili yalijaa hadi sakafuni. Bi. Namba akaiandika dimensia mstari wa kwanza, peke yake, akijiahidi kurudi. Majibu yalikuja: tezi ya shingo imedhoofika, ndiyo inayoleta usahaulifu na ile baridi, na ina dawa. Yakabandikwa nyuma. Yeye hakurudi.

"Kila daktari alifungua, akasoma mstari wa kwanza, akatikisa kichwa, akafunga. Nani ana muda wa kufika nyuma, mwanangu? Mimi mwenyewe nilifika wiki mbili zilizopita, nilipoona jina lake kwenye orodha ya jopo."

"Kwa nini hukusema?"

"Aibu. Nilitaka nirekebishe kwa tarehe ya zamani, isijulikane. Mkono umekataa. Nikienda kwa daktari, miguu inaishia mlangoni. Juzi nikasema angalau wasikae na kosa langu mezani. Na mzee asitetemeke wakati mimi natafuta moyo."

Faili lilikuwa ndani ya mkoba wake, limefungwa kwa kitambaa cha kichwa. Hata kona moja haikukunjika.

Inspekta alimpa kalamu yake. "Andika, mama. Tarehe ya leo."

Akaandika, tezi juu, dimensia chini, na saini. Kisha wakaenda kwa daktari pamoja. Inspekta alimbebea mkoba. Kwenye ripoti hakuficha kitu, ila mwishoni aliongeza: amelirudisha mwenyewe. Bi. Namba alipata barua ya onyo, akaipokea kwa mikono miwili.

Dawa zilianza kesho yake. Si yote yaliyorudi. Lakini wiki ya kumi, Fundi Saa aliinua macho ukutani.

"Mwanangu," alimwambia binti yake, "saa hiyo iko nyuma dakika nne. Nani anaiangalia?" Akaanza kujifungua vifungo. "Na hili sweta la nani? Joto lote hili."

Bi. Namba, aliyekuwa amesimama mlangoni tangu asubuhi, alisema ni lake. Akaingia kulipokea.