Vifaranga wa Babu Nirmalendu

Kila asubuhi kabla ya shule, kazi yangu ilikuwa kuangalia ndoo isifurike wakati Babu Nirmalendu akifyonza uchafu wa tangi kwa mpira. Kisha tulirudisha maji mapya, yenye joto la kumwogeshea mtoto mchanga. Tangini mlikuwa na samaki wawili tu, jike na dume. Walikuwa diskasi, bapa na mviringo kama chapati, wekundu wenye mistari ya samawati.

Bibi yangu ndiye aliyewachagua sokoni, wakiwa wadogo kama vifungo vya koti. Mwaka uliofuata akafariki. Kwa miaka minne samaki wale walitaga na kuyala mayai yao wenyewe, na Babu hakukata tamaa. Mwezi wa harusi ya baba mdogo, mayai yakaanguliwa. Vifaranga kama sitini waliganda ubavuni mwa wazazi wao, wakilamba ute wa ngozi, maana ndicho chakula chao. Babu alikuwa akiwatazama mpaka chai yake inapoa.

"Babu, lita mia mbili kwa samaki wawili?" nilimwambia. "Na mimi nabanana na dada zangu kitanda kimoja!"

Babu alicheka. "Tangi hulipimi kwa samaki unayemwona dukani, mama. Unalipima kwa atakavyokuwa akikua, na uchafu atakaotoa."

"Basi tuwatafutie wenzao."

"Mwenzao lazima aweze maji ya moto kama haya, awe mpole, asiwe mlafi wa kuwanyang'anya chakula. Na wakiwa na watoto, kama sasa, hawawekewi mgeni hata mmoja. Umesikia, Titir?"

"Nimesikia," nikasema. Nilisikia kweli, ila maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Kwetu bibi harusi anapoingia ukweni mara ya kwanza hushikishwa samaki hai, lata, mwindaji wa matopeni, ili nyumba ijae heri. Mama mdogo Sharbani, mke wa baba mdogo, alifika alasiri, akapokelewa kwa vigelegele na makombe ya baharini ya kupuliza. Alimshika lata yule kwa mikono miwili, amefumba macho, na watu wakamcheka kwa upendo. Baadaye Shangazi Bulu alinipa bakuli lenye samaki.

"Mpeleke bwawani, Titir. Asife mikononi mwako, ni nuksi."

Bwawa la karibu lilishafukiwa na kujengwa maghorofa. Lililobaki lilikuwa ng'ambo ya reli, na mimi nilikuwa nimevaa gauni jipya, na sahani za vitamu ndio kwanza zinapita. Lata alikuwa anatwetatweta bakulini. Nikalikumbuka tangi la Babu na nafasi yote ile. Saa moja tu, nikajiambia. Nikamtumbukiza, nikafunika mfuniko, nikarudi kwa wageni.

Niliporudi kwenye tangi, kifaranga hata mmoja hakuwepo. Dume alikuwa amejibana pembeni, amekuwa mweusi kwa hofu. Jike alikuwa amelala ubavu, mapezi yamechanwachanwa. Lata alikuwa katikati ya tangi, tumbo limemjaa. Nilimvua kwa wavu huku nikilia, nikakimbia naye hadi ng'ambo ya reli, na gauni likaloa matope. Nyumbani Shangazi akaniuliza, "Umemfikisha?" Nikasema, "Nimemfikisha."

Jioni Babu aliingia kuwalisha. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alisema kwa sauti ndogo, "Wamewala watoto wao. Ni makelele ya ngoma za harusi. Nilikosa mimi, ningewahamisha." Usiku jike akafa.

Shangazi Bulu hakuyaamini makelele ya ngoma. "Miaka minne hamna kitu, wanapatikana watoto, anaingia huyu, wanakufa siku hiyo hiyo," alimnong'oneza mama jikoni. "Nyayo zake nzito, zina nuksi." Mama mdogo alikuwa mlangoni. Niliona alivyosikia, na sikufungua mdomo.

Siku ya pili, kama ilivyo desturi, bibi harusi aliwapakulia wali na samli wakwe zake wote. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alipofika kwa Shangazi Bulu, shangazi akafunika sahani yake kwa kiganja.

"Nimeshiba," akasema, na hata tonge moja hajala.

Kijiko kilibaki hewani. Hapo ndipo nilipoona kwamba nikiendelea kunyamaza, hata mwaka mzima mkono ule usingeondoka kwenye sahani.

"Ni mimi," nikasema. "Lata nilimtia tangini. Niliona uvivu kwenda bwawani. Babu, watoto wako niliwaua mimi."

Shangazi aliondoa kiganja polepole, akasogeza sahani mbele. "Nipakulie, mwanangu," akamwambia mama mdogo. "Na unisamehe mdomo wangu." Mama mdogo akapakua, machozi yakimdondoka.

Babu alinishika mkono, tukaenda mbele ya tangi. Dume alikuwa akizunguka peke yake. Nilingoja kofi. Ningelipenda.

"Umenikasirikia, Babu?"

"Hasira ingeisha kesho, mama. Nina huzuni." Aliinama, akapangusa kioo kwa kanzu yake ingawa kilikuwa safi. "Bibi yako alitaka sana kuwaona wale watoto. Nikasema basi, nitawaona kwa niaba yake."

Nililia kwa kwikwi. Alingoja nimalize.

"Sikiliza," akasema. "Uvivu wako uliua samaki, na samaki hawarudi. Lakini uongo wako ulikuwa umeanza kumla mtu, na huyo umemwahi. Siku nyingine ukikosa, usingoje mpaka uone mwenzako analiwa. Sema mapema, hata kama sauti inatetemeka."

Kisha akanipa mpira wa maji, kwa kuwa dume naye alihitaji maji safi.