Mhoja Yuko Zamu

Miaka ile viwanda vya minofu ya sangara vilipokuwa vikichipuka ufukweni Ilemela, Mhoja alirudi kwenye kiwanda alichoacha kazi mwezi uliopita, kudai mishahara yake na mafao. Mlinzi alipomwona getini akakunja uso. "Dada, wewe si umeshaingia asubuhi?"

Josephat, bosi wa utumishi, hakumpa hata kiti. "Mafao hulipwa aliyeacha kazi, mama. Mhoja yuko zamu."

"Barua ya kuacha kazi si nilikupa mkononi?"

"Barua gani? Thibitisha."

Hasira zikampanda Mhoja. Ujana wake wote ulikuwa umeishia kwenye meza za kukatia samaki, leo anaitwa mwongo! Akatoka kumtafuta Rose, mwenzake wa meza moja, akamkuta uani kwenye mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa, macho yamemtoka.

"Nisamehe, mwenzangu," Rose akanong'ona. "Siku ile unaaga, nilikuita kwa jina mle chumba cha baridi."

Kila mfanyakazi alijua kwamba mle ndani hawaitani majina, wanagonga ndoo tu, maana kuna kitu humo huitikia jina la mtu.

"Kikaitika?"

"Kikaitika. Tangu hapo kinakata samaki ubavuni mwangu. Bosi anajua. Kinamfaa, hakili wala hakidai."

Mhoja akarudi ofisini, akamkamata Josephat shati na kumburuta mchana kweupe hadi chumba cha baridi. Mlango ulipofunguka, harufu ya ubani ikawapiga puani badala ya shombo, ukungu ukatambaa miguuni mwao, na kule nyuma ya makreti ya minofu mwanamke mwenye umbo la Mhoja, na kovu la Mhoja kidoleni, akainua uso taratibu, akatabasamu, na katika baridi ile iliyofanya pumzi za watu zitoke kama moshi, mdomoni mwake hapakutoka kitu.

"Umeona? Huyo hapumui. Nilipe!"

Josephat akakwepa macho yake. "Mimi namwona Mhoja. Wewe sikujui."

Hapo Mhoja akachoka kubishana. Akaingiza kichwa mlangoni, akaita kwa nguvu zake zote, "Josephaaat!"

"Naam," ikaitika sauti nzito kutoka ndani, sauti ya bosi mwenyewe, kisha viatu vya ngozi vikaanza kugonga sakafu, polepole, vikija.

Josephat akajishika koo.

"Haya, bosi," Mhoja akasema. "Nilipe sasa hivi, kabla mwenzako hajakikalia kiti chako. Akikikalia, ni wewe utakayetafuta mashahidi."