Sauti ya Kuongozea

Pumzi ile haikuwa yake. Chiriku aliisikia kwenye hedifoni kabla ya neno la kwanza la wimbo: mtu amevuta hewa kwa mdomo, upesi, kama aliyetoka kukimbia. Yeye huvuta kwa pua. Alijifundisha mwenyewe, bila mwalimu, na hakuwahi kurudi nyuma.

"Rudisha," alimwambia mumewe.

Mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi kwa kuwa anatengeneza redio na chochote chenye spika, akarudisha. Pumzi ikasikika tena.

"Nani huyo?"

"Nani tena? Wewe."

"Mimi sihemi hivyo."

"Leo umehema hivyo. Tuendelee, jasho linaniingia machoni."

Joto lilikuwepo kweli. Chumba cha nyuma walikiziba kwa magodoro mawili na trei tupu za mayai, na feni ilizimwa kila wanaporekodi. Walikuwa wanaurudia wimbo wa bendi ya roki waliyoipenda tangu uchumba wao, wimbo uliowakutanisha. Mashabiki wa bendi hiyo walikuwa wanakusanya marudio kama hayo kutoka kila pembe, na mwisho wa kupokea ulikuwa mwisho wa mwezi. Kwa Fundi ilikuwa burudani. Kwa Chiriku haikuwa burudani hata chembe. Miaka saba hajaimba mbele ya mtu. Alizaa, akalea, akashona nguo za watu, na sauti yake ikabaki ya kuitia watoto chakula. Aliitaka irudi, basi. Hakuomba kingine.

Nyuma ya dramu alikaa mdogo wake, Nyundo, anayezipiga kana kwamba zimemtukana.

"Dada, usinielewe vibaya," alisema, "lakini ile ya kuongozea uliimba vizuri kuliko hii. Imba kama ile."

Sauti ya kuongozea hurekodiwa mwanzo kabisa, harakaharaka, ili wapigaji waifuate. Mwimbaji akishaimba yake kwa utulivu, ile hufutwa. Nyundo alikuwa ameifuata siku tano. Gitaa la Fundi nalo lilikuwa limeifuata.

"Ipi?" Chiriku akauliza. "Sijarekodi ya kuongozea mimi. Nilijua mnatumia rekodi yangu ya zamani."

Fundi akageuka taratibu. "Ya zamani ilikufa na kompyuta ya zamani. Hii niliikuta Jumatatu nilipotoka kazini. Nikajua umerekodi mwenyewe nikiwa sipo."

"Sijarekodi."

Fundi akaiwasha. Sauti ya mwanamke ilijaa chumba, laini, ikapanda pale juu wimbo unapopanda bila kutoa jasho. Ilifanana na ya Chiriku, ila kama ya Chiriku aliyelala vizuri miaka saba.

Chiriku hakuwaza majini. Aliwaza anachowaza mke yeyote. Alichomoa sifongo ya maiki akainusa. Asumini. Nyumba ile haikuwa na mtu anayejipaka asumini.

"Umemleta nani humu ndani?"

"Chiriku, usianze."

"Aliyeanza ni huyo aliyeweka mdomo wake hapa. Ni nani?"

"Shemeji, sema tu," Nyundo alimnong'oneza Fundi. "Huyu nimekua naye. Ataibomoa nyumba tofali kwa tofali."

Fundi aliapa kwa mama yake mzazi. Kisha naye akaanza kuwatazama ndugu wale wawili kwa jicho la pembeni, kwa maana walijuana na mizaha yao ilikuwa ya zamani. Mbele ya wote aliifuta ile sauti. Chiriku akafunga chumba kwa kufuli jipya, akavaa ufunguo shingoni, akaoga nao, akalala nao.

Walipofungua siku iliyofuata harufu ya asumini iliwapokea mlangoni, na sauti ilikuwa imerudi mahali pake. Sasa ilikuwa inakohoa pale pale Chiriku alipokohoa jana, inarefusha neno pale pale alipolirefusha, na kila siku walipofungua ilikuwa imeongeza utamu kidogo huku koo la Chiriku likizidi kukwaruza, mpaka Jumanne akajikuta anawaita watoto kwa kupiga makofi, na jirani akamsifu mlangoni kwamba mchana kutwa ameimba vizuri mno, siku ambayo Chiriku alishinda sokoni.

Hapo hakuna aliyemshuku mwenzake tena. Waliogopa wote kwa pamoja.

Jumatano mchana akaja shangazi yake Fundi, mkunga mstaafu anayesomea watu wenye majini. Alivaa hedifoni, akazivua upesi kama zimemchoma.

"Huyu hakuvunja mlango," alisema kwa sauti ya chini. "Mlikuta sauti isiyo na mwenyewe mkaifuata siku tano, hakuna aliyeuliza. Mmempa uongozi wenyewe."

"Tufanyeje, shangazi?" Chiriku aliuliza kwa mkwaruzo.

"Uimbe wimbo wote, mwanangu, peke yako mle ndani. Naye ataimba. Zitakuwa sauti mbili, na mumeo atafuta moja. Itakayobaki ndiyo ya nyumba hii. Nyingine haitasikika tena duniani."

"Na akikosea?"

Shangazi alimtazama mtoto wa kaka yake. "Umeishi naye miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Basi chagua kwa unavyomjua. Usichague kwa utamu."

"Shangazi, masikio haya ndiyo kazi yangu," Fundi akasema, amekereka.

Wakaitoa kompyuta na spika hadi korido, nyaya zikapita chini ya mlango, Chiriku akafungiwa ndani. Aliimba. Kwenye kioo cha kompyuta ikachorwa mistari miwili, mmoja chini ya mwingine, na harufu ya asumini ikawa nzito hadi Nyundo akaziba pua kwa shati.

Wimbo ulipokwisha Fundi alisikiliza mstari mmoja mmoja. Wa kwanza ulikuwa na mkwaruzo, ukavunjika pale wimbo unapopanda, ukajikokota kwa ubishi mtupu mpaka mwisho. Wa pili ulipanda safi, umenyooka, na Fundi akamwona tena msichana aliyekuwa akiimba wimbo huo huo kwenye ngazi za jengo moja, miaka kumi na miwili iliyopita, yeye Fundi amebeba redio mbovu hajui aiweke wapi. Machozi yakamtoka.

"Huyu ndiye mke wangu," alisema. "Ile nyingine inamwigiza, tena vibaya."

Shangazi alinyanyua mkono kumzuia. Kidole cha Fundi kilikuwa kimeshabonyeza, mstari wa kwanza umefutika.

Mlango ukagongwa kutoka ndani, kwa ngumi mbili, bila kupumzika. Nyundo akaufungua. Chiriku alisimama pale, mishipa ya shingo imemtoka, mdomo wazi, analiita jina la mumewe kwa nguvu zake zote, na hakukutoka hata mkoromo.

"Asante, mume wangu," zikasema spika, kwa utamu. "Sasa washa. Tuendelee na ubeti wa pili."