Wa Nani Huyu?

Jioni ile nilikwenda kugonga kuta. Ndiyo kazi yangu. Mimi ni mhandisi wa majengo ya zamani, na pamoja na mashine zote tulizonazo ofisini, chombo changu cha kwanza ni nyundo ndogo tu. Unagonga zege, unatega sikio. Zege zima hulia kwa sauti kavu, fupi. Zege lenye uwazi ndani hulia kama mtungi mtupu. Ukiisikia sauti hiyo unachora duara kwa chaki, unaendelea mbele.

Jengo lenyewe watu walilibandika jina la Kabati, kwa sababu vibaraza vyake vilichomoza nje kama droo ambazo mtu kasahau kuzifunga. Chini maduka, katikati ofisi, juu nyumba za watu. Lilijengwa enzi ambazo kila mtu alikuwa na hamu ya kesho. Madirisha yalikingwa jua kwa mapezi ya zege, kuta za ngazi zilikuwa za matofali ya matundu, na ngazi yenyewe ilizunguka kwenda juu bila nguzo ya katikati. Siku hizi rangi imebanduka, nondo zinachungulia, mabomba yanavuja. Kampuni iliyolinunua ilitaka kujua jambo moja: libomolewe au lihifadhiwe? Jibu lilikuwa langu.

Na ndani ya Kabati aliishi shangazi yangu.

Sikumwambia mtu. Shangazi ndiye aliyenilea baada ya wazazi wangu kufariki, akanisomesha kwa cherehani yake. Alikuwa na kibanda cha ushonaji huko chini na chumba kimoja huko juu. Nilijiambia, wakijua nina ndugu humo ripoti yangu itaonekana ya upendeleo. Sababu safi, ya kiofisi. Ukweli ni kwamba nilimwonea haya. Kandambili zake, ile sauti yake ya kumwita mtu kutoka ng'ambo ya barabara, tepu ya kupimia inayoning'inia shingoni hata msibani. Tangu nipandishwe cheo nilikuwa namtumia salamu tu kwa simu.

Kabati lilikuwa na utaratibu wake. Hakuna aliyepanda ngazi kabla ya kumwambia bawabu anakwenda kwa nani. Awe muuza maji, awe mgeni wa harusi, lazima ataje mtu.

"Unakwenda kwa nani?" bawabu aliniuliza.

"Siendi kwa mtu. Nakagua jengo."

"Binti, taja mtu yeyote. Hata wa uongo."

Mkurugenzi wa kampuni, aliyekuwa nyuma yangu, akaangua kicheko. "Mzee, huyu ni injinia. Mpishe apite."

Papo hapo shangazi akatokeza kibandani, pini zimemjaa mdomoni. Aliponiona uso ukamchangamka.

"Mama wee! Si mwanangu huyu!"

Mkurugenzi aligeuka kunitazama. "Mnafahamiana?"

Nilikuwa na nafasi. Ilikuwa ndefu kabisa, ya kutosha.

"Hapana," nilisema. "Amenifananisha."

Shangazi akazitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine. Mwanamke huyu aliwahi kumfokea askari wa usalama barabarani mpaka akaomba radhi. Mimi hakunifokea. "Nisamehe, injinia," alisema. "Macho haya yameshachoka."

Nilipanda ngazi masikio yakiniwaka moto.

Mkurugenzi alibaki chini akizungumza kwenye simu. Nikapita peke yangu kwenye korido za ofisi, zilizokuwa zimefungwa, nikigonga na kusikiliza. Zege zima. Zege zima tena. Kusema kweli wale mafundi wa zamani walijua kumwaga zege. Nikaanza kufurahi. Ningeweza kuliokoa jengo bila kudanganya, shangazi angebaki na kibanda chake, na lile la mlangoni lingesahaulika.

Mwanga kwenye matundu ya ukuta uligeuka wa kijivu. Nilikuwa nimefika pale ngazi inapopumzika, kati ya ofisi na nyumba za watu, nikasikia harufu.

Saruji mbichi.

Nikatazama huku na huku. Hakukuwa na ujenzi wowote. Jengo lile lilikuwa na umri kunizidi mimi.

Nikagonga ukuta. Ko... Sauti ya mtungi mtupu. Nikachora duara, nikatia nyundo mfukoni.

Ko...

Sikugonga mimi.

Mabomba, nilijiambia. Mabomba ya zamani yana vituko. Nikasogeza sikio ukutani, kama nilivyozoea. Zege lilikuwa na uvuguvugu. Halafu ndani kabisa, usawa wa sikio langu, sauti ya mwanamume mwenye koo lililokauka ikaninong'oneza.

"Wa nani wewe?"

Nilikimbia. Nilishuka ngazi nikiburuza mkono ukutani, nikazunguka, nikazunguka, nikatokea... kwenye duara langu la chaki. Nikashuka tena. Duara lile lile. Nikapanda badala ya kushuka. Duara. Safari hii chaki ilikuwa imelowa, inachuruzika.

Juu kidogo niliona mlango wa nyumba, mwanga chini yake, redio ndani, vijiko vikigonga sahani. Nikaukimbilia.

"Hodi! Hodi jamani!"

Redio ikazimwa. Vijiko vikanyamaza. Mtu akaja hadi mlangoni, nikasikia anavyohema upande wa pili.

"Unakwenda kwa nani?" alinong'ona.

Nikafungua mdomo nimtaje shangazi. Ulimi haukunyanyuka. Ulikuwa mzito, na una ladha ya mchanga. Nikataka kurudi nyuma, miguu ikakataa. Nikatazama chini. Sakafu ya terazo ilikuwa imelainika kama uji, na viatu vyangu vilikuwa vinazama ndani yake... polepole.

"Wa nani huyu?" ukuta uliuliza. "Wa nani huyu?"

Kisha nikasikia kandambili. Pa, pa, pa, zikipanda ngazi bila haraka. Shangazi alitokea na tochi ya simu mkononi. Hakunitazama. Aliutazama ukuta.

"Wa nani huyu?" uliuliza tena.

Shangazi alinyamaza.

Alinyamaza mpaka zege likanifika kwenye vifundo vya miguu. Simlaumu. Nilimwona anavyofikiri, na nilijua anafikiri nini, na kama kungekuwa na shimo jingine la kujificha ningeingia kwa hiari yangu.

"Wangu," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo sana. "Huyu ni wangu."

"Mbona amekukana?"

"Alikuwa kazini. Ni mtoto huyu."

"Akiulizwa tena?"

"Atasema. Mimi namdhamini. Akikosa, nichukue mimi."

Sakafu ikawa sakafu. Shangazi akanishika kifundo cha mkono, vile mtoto anavyovushwa barabara, tukashuka mara moja tu tukawa chini. Mkurugenzi alikuwa ameshaondoka. Kibandani shangazi alinikalisha kwenye kigoda, akachukua kipande cha kitambaa na kuanza kunifuta viatu. Nilimwomba aache. Hakuacha.

"Wanasema kuna kibarua alidondoka wakati wanamwaga zege la ule ukuta," alisema huku akisugua. "Nyapara akauliza, wa nani huyu? Ndugu yake wa tumbo moja alikuwepo pale pale, kashika karai. Akaogopa kufukuzwa kazi. Kimya. Basi wakaendelea kumwaga."

"Ni kweli, shangazi?"

"Mimi nashona nguo, mwanangu. Nakusimulia nilivyosimuliwa."

"Lile la pale mlangoni..."

"Nenda ukapumzike." Alikunja kile kitambaa. "Ukiulizwa tena, useme tu. Si kwa ajili ya kunifurahisha. Umesikia mwenyewe."

Nilisikia. Niliapa mbele yake, na nilipoapa nilimaanisha.

Kikao kilifanyika kesho yake mchana, ofisini kwa kampuni, jua linapiga kwenye meza ya kioo. Nilieleza kila kitu kuhusu Kabati: zege lake, ngazi yake, jinsi upepo unavyopita kwenye matundu bila feni, watu wanaoishi, kufanya kazi na kununua chini ya paa moja. Lihifadhiwe, nilisema. Nilisema kwa moto hata nikajishangaa. Niliona vichwa vinaanza kutikisika kukubali. Mkurugenzi akaegemea kiti.

"Injinia, umelitetea kama nyumba ya ukoo," alisema akicheka. "Au una ndugu humo?"

Wote wakacheka. Kilikuwa kicheko cha kirafiki. Neno moja tu na wangesema kumbe, ripoti ni ya upendeleo, Kabati lingebomolewa na shangazi angetupwa barabarani. Hivyo ndivyo nilivyojipangia baadaye. Wakati ule sikupanga chochote. Niliona suti zao, nikaziona akilini kandambili za shangazi, na mdomo ukajisemea wenyewe.

"Sina," nilisema.

Harufu ya saruji mbichi ikajaa chumba.

Hakuna mwingine aliyekunja pua. Walikubaliana jengo lihifadhiwe. Walinipa mikono, na mimi nikaipokea, mmoja mmoja.

Nilifika Kabati nikikimbia. Kibanda kilikuwa wazi. Taa ya cherehani inawaka, kitambaa kiko chini ya sindano, mshono umeishia njiani.

"Nakwenda kwa shangazi yangu!" nilimpigia kelele bawabu kabla hajauliza. "Fundi cherehani! Ni shangazi yangu mimi!"

Watu waligeuka. Bawabu akatazama ngazi, kisha akanitazama mimi.

"Alipanda muda si mrefu," alisema. "Juu hajafika. Na chini hajashuka."

Nililikuta duara langu. Nikagonga. Sauti kavu, fupi. Nikagonga tena, kwa nguvu, juu, chini, pembeni. Uwazi haukuwepo tena. Ukuta ulikuwa umejaa.

"Ni wangu!" nililia. "Sikieni, ni wangu huyu! Vunjeni hapa, shangazi yangu yumo humu!"

Milango ikafunguka. Wapangaji wakasimama kwenye ngazi wakinitazama, hakuna aliyesogea. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto ubavuni ndiye aliyekuja, akanigusa bega kwa upole, kama unavyomgusa mtu usiyemjua.

"Dada, wewe si yule injinia?" aliuliza. "Fundi mwenyewe alitueleza. Alisema alikufananisha tu."