Filta Mpya, Gari Halivuti

Mama Mashuka aliitwa hivyo kwa sababu ya kazi yake. Yeye na mumewe walifua mashuka ya zahanati na ya nyumba za wageni. Kila asubuhi uani kwao kulikuwa kweupe kwa mashuka yaliyoanikwa. Mume alipiga pasi. Mama Mashuka alifunga mabunda, akayapakia kwenye gari lao dogo la mizigo na kuyapeleka kwa wenyewe.

Gari lilikuwa la otomatiki, zee lakini halina kinyongo. Kisha likaanza kusitasita kila linapobadili gia. Mdogo wa mumewe, ambaye ni fundi, akayatazama mafuta ya giaboksi. Yalikuwa meusi.

"Shemeji, filta imechoka," alisema. "Nitabadilisha filta na mafuta."

Aliifanya kazi hiyo uani, peke yake. Kesho yake gari likawa baya kuliko mwanzo. Mama Mashuka aliweka gia, gari likatulia tuli kama limeambiwa lisubiri, kisha likaruka mbele. Kwenye mlima wa zahanati injini ilinguruma bure, magurudumu yakajikokota. Chini kulikuwa na sauti nyembamba, kama mbu sikioni. Ikabidi aliache gari njiani na kupandisha mabunda kichwani.

Muuguzi wa zamu alimpokea kwa uso mkavu. "Vitanda havina mashuka tangu asubuhi. Kama mmeshindwa mtuambie, tutafute wengine."

Maneno hayo yalimkaa rohoni. Akirudi nyumbani, gari likijikokota, alianza kuunganisha mambo. Si huyu shemeji aliyekuwa akisema gari hili liuzwe, wanunue la gia za mkono? Si juzi tu alikuja na mtu mgeni, wakalizunguka gari wakinong'ona? Na kwa nini siku ile ya kubadilisha filta alifunga geti?

"Mdogo wako ametuchezea," alimwambia mumewe.

Mume aliweka pasi pembeni. "Ana mdomo, lakini hana mkono mchafu."

"Unasema hivyo kwa kuwa ni damu yako."

Shemeji alipokuja kuliangalia gari, Mama Mashuka alisimama ubavuni kwake kama askari wa lindo. Shemeji alichomoa kijiti cha kupimia mafuta. Mafuta yalitosha, ila yalikuwa na povu.

"Ajabu," alisema shemeji, huku akikwepa macho ya Mama Mashuka. Kule kukwepa nako Mama Mashuka alikuweka akilini.

Hapo ndipo alipokwenda kwa jirani yao, Mama Spana, aliyekuwa akifundisha ufundi wa magari chuoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa plasta baada ya kuteleza bafuni.

"Mkono umegoma, ila macho na mdomo vipo," alisema Mama Spana. "Msiliendeshe tena mpaka tulifungue. Na mwite aliyelifungua mara ya kwanza."

Shemeji aliwakuta wanawake wawili wamekaa uani wakimsubiri. "Leo kuna kesi?" aliuliza.

"Kuna gari," alijibu Mama Spana. "Sikilizeni. Umewahi kunywa soda kwa mrija uliopasuka? Unavuta, unapata hewa. Pampu ya giaboksi nayo huvuta mafuta kupitia filta. Shingo ya filta huingia kwenye mdomo wa pampu, na katikati yake kuna mpira wa duara wa kuziba. Usipoziba, pampu inavuta hewa. Mafuta yanafanya povu, gia zinateleza. Filta ya zamani iko wapi?"

Shemeji aliitoa kwenye rundo la vyuma chakavu. Shingo yake ilikuwa tupu.

"Na mpira wake?"

"Sijui," alisema shemeji taratibu. "Labda ulidondoka."

Kashikwa huyo, Mama Mashuka aliwaza.

Gari lilikuwa limepoa. Walizuia magurudumu kwa mawe, wakalipandisha kwa jeki na kuliegemeza kwenye stendi imara. Shemeji alimwaga mafuta kwenye beseni, akafungua sampu, lile bakuli la bati chini ya giaboksi. Alipoigusa filta mpya, ikachomoka yenyewe kama jino bovu.

"Haikukaa," alisema Mama Spana. "Nani ana kidole chembamba?"

Mama Mashuka hakungoja kuambiwa mara mbili. Alilala chali, akapenyeza kidole kwenye mdomo wa pampu. Mafuta yalimtiririkia mpaka kwenye kiwiko.

"Kuna ukingo hapa ndani," alisema. "Unabonyea kidogo."

"Huo ndio mpira wa zamani. Ulibaki kwenye pampu, ule mpya ukakosa pa kukaa."

Mama Mashuka alibaki chini ya gari, kidole palepale. Hakuna aliyeficha kitu. Kilikuwa kimejificha chenyewe.

Shemeji alichukua bisibisi. Mama Spana akamzuia. "Weka chini hiyo. Ukiukwaruza mdomo wa pampu, hata mpira mpya utapitisha hewa."

Shemeji akauchokonoa mpira kwa kijiti cha mbao, polepole, mpaka ukatoka. Ulikuwa mgumu kama ukucha. Ule mpya nao ulikuwa umejikunja, wakanunua mwingine. Walipangusa mdomo wa pampu kwa kitambaa safi. Wakaupaka mpira mafuta yaleyale ya giaboksi, wakaisukuma filta kwa mkono, ikiwa imenyooka, mpaka ikakaa sawasawa. Ndipo wakafunga sampu na kujaza mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Wakawasha injini, wakapima tena.

Ile sauti ya mbu haikusikika.

Walipanda mlima wa zahanati pamoja, gari limejaa mashuka. Lilivuta bila kunung'unika.

"Yule mtu uliyekuja naye?" Mama Mashuka aliuliza.

"Mnunuzi. Nilitaka liuzwe, na bado nataka. Lakini kuharibu riziki yenu, hapana. Geti nililifunga nisisumbuliwe kazini. Nilikukwepa kwa aibu, kwa kuwa sikujua nilipokosea."

"Nilikuwa nimeshakuhukumu, shemeji. Nisamehe."

"Nilijua. Chai yako siku hizi inakuja imepoa."

Mama Mashuka alicheka mpaka akapunguza mwendo.

Siku hizi shemeji hafungi geti. Akibadilisha filta ya mtu, humwita mwenye gari asogee karibu. Humwonyesha shingo ya filta ya zamani kwanza.

"Mpira wake huu hapa," husema. "Sasa tunaweza kuweka mpya."