Bunduki Yenye Kiwi

"Hizi si ndugu, mzee!"

Raudha alipiga meza. Bunduki mbili ziliruka pamoja.

"Bunduki ni bunduki," Sebastian alijibu. "Punguza sauti. Majirani wa Temeke hawana kazi."

Alikuwa mkuu wake. Kwenye nyumba hii isiyo na kibao, neno lake ndilo lililopeleka makachero kazini.

Kushoto ililala SAR ya Kichina, kama ilivyoshuka bandarini. Kulia ililala nduguye wa kughushi, aliyeundwa kwenye banda la ngozi Vingunguti. Umbo lile lile. Ila kitako chake ni cha mninga.

Kuna mtu aliyebeba SAR za kweli kutoka ghala la kikosi, akapanga hizi mahali pake.

"Ya Kichina nimeipiga asubuhi nzima, haikuchoka," Raudha alisema. "Hii imetoa risasi moja, ikakwama. Nimeikoki, ikakwama tena. Gobole limevalishwa suti!"

"Umeokota mbovu."

"Zote ndivyo zilivyo! Na vijana wanaomsindikiza Albano wamebeba hizo hizo. Faraji yumo, mzee. Mdogo wangu! Warudishe."

"Msafara haurudi. Albano analala gereza la bara leo."

Albano, mvusha silaha. Mwaka mzima walimsaka.

"Basi ishike hii mwenyewe, uone."

"Mie makorokoro hayo sijayagusa, wala sitayagusa."

Raudha alifuta jasho usoni. Kiganja kilikuwa chekundu.

Alikinusa.

Kiwi ya viatu.

Aliijua mbinu hiyo. Wachonga vinyago hupaka kiwi mti wa kawaida, mgeni akauziwa mpingo. Huyu fundi alipaka mninga mpya ufanane na mti wa Kichina uliozeeka. Alisahau joto la Dar. Jasho kidogo tu, rangi inahama.

Akamtazama Sebastian. Kaunda suti ya rangi ya maziwa. Begani, pale kitako kinapoegemea, doa jekundu.

"Mzee, begani umepakwa nini?"

Sebastian alijitazama. Mkono ukaenda kwenye droo.

Raudha alikuwa tayari ameielekeza SAR ya Kichina kifuani pake.

"Hii inarudia," Raudha alisema. "Toa mkono."

Motorola ikakoroma mezani.

"Mchi, Mchi, hapa Kinu." Sauti ya Faraji. "Dada, gari mbili zimetuziba kabla ya Ubungo. Wana SMG. Tupige?"

Sebastian alitabasamu.

"Waambie wapige. Moja moja. Wale nimewapa redio pia, wanakusikia. Umechelewa, binti yangu."

Ni kweli. Wakipigana watakufa, na Albano ataondoka vilevile.

Raudha alibonyeza kitufe.

"Kinu, msipige. Wekeni silaha chini. Mfungueni Albano."

"Dada?"

"Fanya!"

Hakuachia kitufe.

"Na nyie mnaosikiliza. Albano ni wenu, vijana ni wangu. Mzee wenu ninaye hapa, mtutu uko kifuani. Ni yeye tu anayejua SAR za ghalani zimefichwa wapi. Nikisikia mlio mmoja, mzigo huo mtaupigia ramli."



Redio ilichemka kama mafuta ya maandazi. Tabasamu la Sebastian lilikufa taratibu.

"Mchi..." Faraji alihema. "Wamemchukua. Wanaondoka."

"Mko wazima?"

"Wazima wote. Ila dada, yule hatumpati tena."

"Najua. Geuzeni gari."

Alizima redio.

"Utafukuzwa kazi," Sebastian alisema. "Utashtakiwa. Na Albano atarudi na mzigo mkubwa zaidi. Umeokoa nini?"

"Nimemwokoa mtoto wa mama yangu."

Pingu zikalia. Raudha alifuta kiganja kwenye bega la pili la ile suti, taratibu, hadi kikatakata. Akaning'iniza SAR ya Kichina begani. Ile ya mninga akaiacha mezani.

"Simama, mzee. Nipeleke ulikozificha SAR za ghalani, kabla hawajanivua kitambulisho."

Akamsukuma mlangoni.