Selestini Hataki Kuvua Sweta

Kengele ya mwisho ilipogongwa, wavulana wa darasa la sita hawakwenda moja kwa moja nyumbani. Waliteremka kutoka Gungu hadi ufukweni Kibirizi, pembeni mwa mji wa Kigoma, wakaweka madaftari juu ya mawe, wakavua mashati na kujitosa ziwani. Waliogelea hadi kwenye mitumbwi iliyotiwa nanga mbali kidogo na nchi kavu, wakagusa ubao na kurudi. Baada ya hapo kila mmoja alikwenda kumsaidia mama yake kuanua dagaa waliokuwa wakikauka mchangani.

Selestini alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Katika kundi lile hakuna aliyemshinda kuogelea, hata Meshack, rafiki yake aliyeketi naye dawati moja. Lakini tangu wiki ya kwanza ya shule, mwezi wa Julai, Selestini hakuwa ameingia majini tena hata siku moja. Sasa ilikuwa Oktoba, na jua lilikuwa linachoma. Yeye alikaa kando ya dagaa akiwa amevaa sweta la shule, jasho likimtiririka hadi kidevuni.

"Vua hilo sweta, baba," mama yake, Agnesi, alimwambia. "Jua lote hili!"

"Nasikia baridi, mama."

Mama akamgusa shingo. Hakuwa na homa. Mama akaendelea na kazi, kwa kuwa wingu lilikuwa linakuja na dagaa walikuwa bado mchangani.

Shida ilianza wakati wa likizo. Selestini alihisi kitu kigumu, kama kokwa ndogo, chini ya chuchu ya kushoto. Kilimuuma kikiguswa. Baada ya wiki chache kingine kikatokea upande wa kulia, na kifua kikavimba pande zote mbili. Alidhani kingepungua. Hakikupungua. Wiki ya kwanza ya shule alivua shati ufukweni kama kawaida, na Meshack akamkodolea macho.

"Jamani, njooni muone!" Meshack alipiga kelele. "Sele anaota matiti!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa majini. Meshack alicheka kama alivyozoea kucheka kila kitu, na kesho yake alikuwa ameshasahau. Wengine hawakusahau. Walianza kumwita Mama Sele. Jina hilo lilimfuata kwenye foleni ya uji, uwanjani, na njiani kurudi nyumbani.

Selestini alijaribu kila alichoweza kufikiria. Alipiga pushapu kila alfajiri mpaka mikono ikatetemeka. Alianza kuacha ugali wa jioni akisema ameshiba. Alisali. Kifua kilibaki vilevile, naye akawa mchovu tu. Mwishowe alichukua kanga kuukuu ya mama yake, akaichana, akajifunga kifua kwa nguvu, kisha akavaa sweta juu yake.

Angemwambia nani? Meshack ndiye aliyeanza kucheka. Mama angeogopa. Na baba? Baba yake, Dismasi, alikuwa mpakiaji wa mizigo bandarini, mtu wa mabega mapana na sauti kubwa. Jioni moja alimwona Selestini akivuka uwanja wa nyumba yao huku ameinamisha mabega.

"Mbona unatembea umejikunja kama bibi kizee?" baba aliuliza akicheka. "Mwanamume anatoa kifua mbele!"

Selestini naye alicheka. Kisha akaingia ndani, akajifunika uso kwa mto, akalia.

Oktoba hiyo alianza kudanganya. Alimwambia mwalimu wa michezo kwamba mguu unamuuma. Alimwambia mama kwamba hakuiona ile kanga. Alikuwa wa nne darasani. Katika jaribio la Oktoba akawa wa thelathini na moja. Kila uongo ulimpa siku moja tu ya kupumua, kesho yake akahitaji mwingine.

Jumatatu moja, wanafunzi wakikimbia mchakamchaka, Selestini aliona uwanja unazunguka. Pumzi ilimkatika, akaanguka. Alipofumbua macho, Mwalimu Winfrida, mwalimu wa darasa lake, alikuwa amepiga magoti kando yake, mkono wake uko kwenye kifungo cha sweta.

"Usinifungue, mwalimu!" Selestini alipiga kelele. "Nakuomba, usinifungue!"

Mwalimu aliondoa mkono. Aliwafukuza wanafunzi waliokuwa wamewazunguka, akamwinua taratibu, akampeleka ofisini na kurudishia mlango.

"Sitakugusa," alisema. "Niambie mwenyewe."

Selestini alifungua vifungo viwili, mwalimu akaona kitambaa.

"Nani amekufunga hivi?"

"Nimejifunga mwenyewe." Na kwa maneno machache, akiangalia sakafu, akamweleza.

Mwalimu Winfrida hakucheka. "Sijui hii ni nini, Selestini," alisema. "Sitaki kukudanganya. Ila ninajua kwamba huwezi kuendelea hivi." Akampigia simu mama yake.

Mama alifika akihema, mikono bado ina magamba ya dagaa. Aliposikia, alishika kichwa. Alisema maneno mengi ya Kiha, lugha ya kwao, kwa haraka, kama alivyofanya kila alipoogopa. Akawaza ugonjwa mbaya, akawaza uchawi. Mchana uleule walikwenda kituo cha afya.

Tabibu Elia alikuwa kijana mwenye miwani. Alimpima Selestini nyuma ya pazia, akamuuliza maswali, kisha akawaketisha wote wawili.

"Hali hii huwapata wavulana wengi wanapobalehe," alisema. "Mwili unakua, na vichocheo vyake vinayumba kwa muda. Kwa wengi uvimbe huisha wenyewe. Inaweza kuchukua miezi, pengine mwaka mmoja au miwili. Huu si uchawi wala laana, na hugeuki msichana. Lakini kitambaa hicho ukiache. Kinakubana pumzi."

Mama alishukuru mara tatu. Njiani alikuwa anatabasamu. Kwake yeye jambo lilikuwa limekwisha.

Kwa Selestini halikuwa limekwisha. Mawazoni mwake lilibaki neno moja tu: miwili. Miaka miwili ya Mama Sele. Kesho yake alijifunga tena, kwa kitambaa kingine. Keshokutwa yake hakwenda shule. Siku iliyofuata pia hakwenda. Alijilaza akitazama ukuta, na mama alipomletea uji aliuacha ukapoa. Mwalimu Winfrida alikuja nyumbani, akazungumza naye dirishani, Selestini akageukia ukuta. Baba alisimama mlangoni kidogo, akaenda zake kazini.

Siku ya sita mama alirudi kituo cha afya peke yake.

"Daktari," alisema, "uliniambia mwanangu ni mzima. Mwanangu si mzima. Hali, hasomi, hasemi. Nimebembeleza, nimefoka, nimelia mbele yake. Sina lingine ninalolijua."

Tabibu Elia alivua miwani. "Nisamehe, mama. Niliangalia kifua, sikumuuliza moyo wake unaendeleaje." Aliandika barua. "Hospitalini mjini kuna kliniki ya afya ya akili. Kila Alhamisi yupo mshauri anayeitwa Asteria, anayezungumza na watoto. Mpeleke."

Usiku ule baba alipinga. "Kliniki ya akili? Watu watasema mwanangu ni chizi!"

"Waseme," mama alijibu. "Mimi nimeshindwa. Wewe umeweza?"

Alhamisi asubuhi baba alitoka mwenyewe kutafuta bodaboda, akaileta hadi mlangoni.

Asteria alikuwa mwanamke wa makamo aliyezaliwa Burundi na kukulia Kigoma, na bado Kirundi kilisikika katika Kiswahili chake. Chumba chake kilikuwa na viti viwili na dirisha. Alimwomba mama asubiri nje.

"Nina saa nzima," alimwambia Selestini. "Ukitaka kusema, sema. Ukitaka kukaa tu, tutakaa."

Selestini alikaa tu. Alhamisi ya pili pia alikaa tu. Siku hiyo, wakirudi nyumbani, Selestini aliona mama anajifuta macho kwa upande wa kanga. Alitamani kumfariji, asijue aanzie wapi.

Alhamisi ya tatu Asteria aliuliza jambo dogo. "Asubuhi unaamka saa ngapi?"

"Kumi na moja."

"Mbona mapema hivyo, na shule huendi?"

"Nijifunge kabla hawajaamka."

"Na unafungua saa ngapi?"

"Wakishalala wote."

Asteria alihesabu kimoyomoyo. "Kwa hiyo siku nzima unafanya kazi ya kulinda kifua. Pole. Lazima umechoka sana, mwana wanje," alisema, akimwita "mwanangu" kwa Kirundi.

Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba amechoka. Selestini alilia hadi kwikwi zikamshika, na Asteria hakumwambia anyamaze. Alipotulia alianza kuzungumza: ufukwe, kicheko, jina lile, pushapu, kanga iliyochanwa. Muda ulipokwisha alikuwa bado hajamaliza.

Tangu siku hiyo kazi ilianza, nayo ilikwenda polepole. Kwanza aliacha kujifunga wakati wa kulala. Kisha akakaa saa moja ya mchana bila kitambaa, nyumbani, ndani ya fulana pana. Kuna wiki aliyojifunga tena siku tatu mfululizo, akaenda kliniki akiwa ameona aibu. Asteria alisema tu, "Ulipoanza kuja zilikuwa siku saba." Walifanya mazoezi ya nini cha kumjibu anayemtania, na lini amwite mwalimu. Selestini alikiri kwa mama kuhusu kanga, na mama akasema angempa mwenyewe kama angemwomba, ila si kwa kazi ile.

Asteria alimwita baba pia. Dismasi alikaa kwenye kile kiti kidogo akiwa amepakata kofia.

"Sikujua la kusema, mwanangu," alisema, sauti yake kubwa imekwisha kabisa. "Ndiyo maana nilicheka. Unisamehe."

Selestini aliporudi shuleni, Mwalimu Winfrida alikuwa ameshamwalika Tabibu Elia kuwafundisha darasa la sita kuhusu balehe, bila kumtaja mtu. Baada ya somo hilo Meshack alimfuata Selestini nyuma ya darasa. Alichora chini kwa kidole cha mguu.

"Kumbe inauma?" aliuliza.

"Inauma."

"Mimi sikujua. Nilidhani ni utani tu." Kisha akaongeza, "Nimewaambia wenzetu waache lile jina." Wengi waliacha. Wawili hawakuacha mpaka mwalimu alipowaita pamoja na wazazi wao.

Alhamisi ya mwisho kabla ya Krismasi, Asteria alimwambia Selestini kwamba sasa ataanza kuja mara moja kwa mwezi. Mama na baba walikuwepo.

"Uvimbe bado upo kidogo," Selestini alisema. "Usipoisha je?"

"Utarudi kwa Tabibu Elia, naye atakupeleka kwa wanaojua zaidi. Hutakwenda peke yako."

Selestini alifikiri. "Lakini nilipowaambia watu hawakujua. Mwalimu hakujua, mama hakujua. Tabibu alijua nusu."

Asteria alitabasamu. "Ni kweli, sisi watu wazima hatujui kila kitu. Kwa hiyo shikeni hili, wewe na wazazi wako. Mwili unaokua haumkosei mtu, na ukiuonea aibu hujafanya kosa la kufichwa. Ukimwambia mtu shida yako akakosa jibu, usidhani jibu halipo. Mwambie wa pili. Wa pili akishindwa, mwambie wa tatu. Usinyamaze mpaka umpate anayejua."

"Na mwenzangu akiniambia mimi shida yake?" Selestini aliuliza. "Kama sijui?"

"Usimcheke, wala usimtangaze," Asteria alisema. "Mlete hapa, ukae naye nje mpaka zamu yake ifike."